Jina la Parokia Likinunuliwa Mtandaoni: Oda Ikifutwa, Haki ni ya Nani?

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na sharika kutoka Mbeya na Iringa. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)

 

Nilipotaja mada hii asubuhi, mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama tumeishiwa mambo ya kuzungumza. Maji hayajafika kijijini, zahanati haina mganga wa kutosha, nasi tunakaa nusu saa kuzungumzia jina la tovuti ambalo bei yake kwa mwaka haifiki bei ya mbuzi. Swali lake ni la haki. Lakini kwenye jina hilo ndiko wafadhili wanakosoma taarifa ya yale maji na ile zahanati, na kupitia barua pepe ya jina hilo ndiko ahadi za misaada zinakopita. Jina likiwa mikononi mwa mtu asiyejulikana, anaweza kuweka ukurasa wa kuomba michango, wenye picha ya kanisa letu na namba ya akaunti yake. Hapo mbuzi mmoja hatatosha kutukomboa.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Wataalamu hukiita jina la kikoa, yaani yale maneno yanayoishia na .org, .com au .or.tz. Tumezoea kusema tumelinunua, lakini kwa kweli tumelikodi. Mfano wa karibu ni sanduku la posta. Parokia ina S.L.P. yake, inalipia kila mwaka, ina ufunguo, na barua zote zinakuja hapo. Ukiacha kulipa, posta inaweza kumpa mwingine. Na ile fomu ya posta ikijazwa kwa jina la katekista badala ya jina la parokia, siku katekista akihamia Sumbawanga mtaanza kuzungushana. Jina la tovuti liko vivyo hivyo, isipokuwa posta yenyewe huenda iko Marekani, na karani wake hamtamwona maishani.

Sasa niwape habari ya parokia moja ya mkoa wa Iringa. Jina lake sitalitaja, wala la kampuni iliyohusika. Walikuwa wakijiandaa kwa jubilei. Kijana mmoja mgeni, aliyekuja kujitolea kwa miezi mitatu, akawasaidia kuagiza jina la tovuti kwa kadi yake ya benki ya nyumbani kwao. Ukaja ujumbe: asante, oda yako imepokelewa. Kamati ikafurahi. Wiki hiyo hiyo wakapeleka kazi kwa mpiga chapa, kalenda na bahasha za sadaka, zote zikiwa na anwani ya tovuti chini. Siku ya tatu ukaja ujumbe mwingine kwenye barua pepe ya yule kijana: oda yako imefutwa. Hakuna sababu iliyoelezwa zaidi ya kusema malipo hayakuthibitishwa. Kijana alikuwa Ruaha akitazama tembo. Aliusoma ujumbe baada ya siku nne, na jina lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine.

Kamati ilihisi imeibiwa. Mhasibu alisema, "Tumelipa, tena tuna ujumbe." Ninaomba tukae kidogo na neno hilo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapojikwaa.

Kwa kawaida za mikataba, ambazo kwetu zimo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkataba unazaliwa pale upande mmoja unapotoa pendekezo na upande wa pili unapolikubali. Bidhaa iliyowekwa dirishani, au kwenye ukurasa wa intaneti, kwa kawaida ni mwaliko tu. Anayetoa pendekezo ni mnunuzi anapobonyeza kitufe cha kulipa. Wauzaji wengi wa majina ya tovuti wameandika katika masharti yao kwamba ujumbe wa "oda imepokelewa" si kukubali. Kukubali kunakuja pale jina linaposajiliwa kweli katika daftari kuu. Kabla ya hapo wamejiwekea nafasi ya kukataa: bei ilikosewa, jina limewahiwa, au kadi imetiliwa shaka. Na kadi ya Ulaya au Amerika inayotumika kutoka kwenye kompyuta iliyoko Iringa ni jambo linaloweza kabisa kutiliwa shaka na mitambo yao ya kuzuia wizi. Hakuna aliyetenda dhambi hapo. Lakini kalenda zimechapwa.

Basi haki ya parokia ile ilikuwa nini? Kulazimisha wapewe jina, hapana, maana mkataba haukukamilika. Kurudishiwa fedha yote, ndiyo, maana muuzaji hawezi kushika fedha ya kitu ambacho hakukitoa. Ila hapa kuna fundo. Fedha inarudi kwenye kadi iliyolipa. Haiendi kwenye akaunti ya parokia, wala kwa mtu aliyetoa taslimu kumfidia mwenye kadi. Kamati ilikuwa imemkabidhi yule kijana shilingi mkononi kutoka fungu la jubilei. Dola zilirudi kwenye kadi yake, ng'ambo, alipokwisha kuondoka. Kijana alikuwa mwaminifu, akazirudisha. Lakini kisheria parokia haikuwa na chochote cha kumdai yule muuzaji, kwa sababu muuzaji hakuwahi kusikia habari za parokia.

Ndugu wajumbe, hili ndilo ninalotaka mlipeleke nyumbani. Katika ununuzi wa mtandaoni haki mbili zinatembea njia mbili tofauti. Haki ya kurudishiwa fedha inamfuata mwenye kadi. Haki ya jina inamfuata aliyeandikwa kwenye fomu ya usajili kuwa mmiliki. Hakuna mahali popote katika fomu panapouliza ni sadaka ya nani iliyolipa.

Wapo watakaouliza: je, yule kijana angeweza kuipinga benki yake? Angeweza. Mitandao mikubwa ya kadi, kama Visa na Mastercard, ina utaratibu wa mwenye kadi kupinga malipo kupitia benki iliyompa kadi, pale kitu kilicholipiwa kisipotolewa au fedha iliyoahidiwa isiporudi. Muda wake kwa madai ya namna hiyo mara nyingi ni siku 120, lakini benki yenyewe inaweza kuwa na utaratibu wake, kwa hiyo mtu asingoje. Aidha, tusichanganye fedha iliyokatwa na fedha iliyozuiwa. Oda ikifutwa mapema, mara nyingi benki ilikuwa imeizuia tu ile fedha bila kuitoa. Itaachiwa yenyewe baada ya siku kadhaa, na kupiga kelele hakuharakishi. Nasihi ni kwamba msipinge malipo ya jina ambalo mmelipokea na mnalitumia, eti kwa sababu mmekasirishwa na huduma. Muuzaji akiona malipo yamepingwa anaweza kulifungia jina lenyewe, na barua pepe za parokia zikanyamaza siku hiyo hiyo.

Nihamie Mbeya. Huko Rungwe kipo kikundi cha akina mama wa kanisa waliotaka jina lao la tovuti. Katibu aliyapeleka maandishi kwa mpwa wake Dar es Salaam, naye akaagiza kwa kadi yake. Sasa mnajua sisi watu wa huku, herufi r na l hazijawahi kuelewana. Mama mmoja aliyatamka maneno kwa simu, mpwa akaandika alivyosikia, na jina likasajiliwa likiwa na "lungwe". (Kicheko.) Mnacheka, lakini kompyuta haina huruma. Kwake Lungwe na Rungwe ni dunia mbili. Jina lilikuwa limeshasajiliwa, mkataba umekamilika, na kosa ni la mnunuzi.

Hapa msaada haukutoka katika sheria ya mahakamani, ulitoka katika kanuni ya daftari lenyewe. Kwa majina ya .com, .org na mengi ya aina hiyo, ipo nafasi ya siku 5 tangu kusajiliwa ambamo msajili akilifuta jina, daftari kuu humrudishia msajili ada yake. Angalieni vizuri: humrudishia msajili. Hakuna kanuni inayomlazimu msajili naye kumrudishia mteja. Wengine wanafanya hivyo, wengine wanakata sehemu, wengine hawarudishi kitu, na kila mmoja ameyaandika hayo katika masharti ambayo hatusomi. Zile siku 5 hazingojei Jumatatu. Jumamosi inahesabiwa, na Pasaka inahesabiwa.

Akina mama wa Rungwe waligundua siku ya tatu, kwa bahati. Mpwa aliandika kwa muuzaji usiku huo huo. Jina likafutwa, ila fedha haikurudi kwenye kadi. Iliwekwa kama salio ndani ya akaunti yake kwa muuzaji yule, na kwa salio hilo akanunua jina lenye r. Si ushindi mkubwa, lakini kikundi hakikupoteza kitu isipokuwa ile tofauti ndogo ya kubadilisha shilingi kuwa dola.

Mtu anaweza kushangaa kwa nini wauzaji ni wagumu hivyo kwa siku 5 tu. Sababu ipo. Katika miaka ya katikati ya 2000 walitokea wajanja waliosajili majina kwa mamilioni, wakayawekea matangazo, na siku ya tano wakayafuta bila kulipa senti. Walikuwa wakionja majina kama mtu anayeonja karanga za kila muuzaji sokoni Mwanjelwa na kuondoka ameshiba. ICANN, shirika lililoanzishwa mwaka 1998 huko California kusimamia mpangilio wa majina duniani, lilibadilisha kanuni. Msajili akifuta zaidi ya asilimia 10 ya majina mapya ya mwezi, au zaidi ya majina 50 kama hiyo ndiyo namba kubwa, hapati marejesho ya yale yaliyozidi. Kati ya Juni 2008 na Aprili 2009 ufutaji wa namna hiyo ulipungua kwa asilimia 99.7. Wajanja walikomeshwa, na sisi wenye makosa ya herufi tukabaki na wauzaji waliojifunza kutupa jicho la wasiwasi. Mara nyingi huwa hivyo, mnyonge analipia karamu asiyoalikwa.

Zaidi ya oda kufutwa, kuna jambo jingine linalofanana nalo ambalo limewatia hofu wengi. Tovuti inafanya kazi wiki mbili, kisha inazimika ghafla. Kamati inasema tumefutiwa. Mara nyingi sivyo. Tangu mkataba wa wasajili wa mwaka 2013, msajili wa majina ya kimataifa anapaswa kuthibitisha mawasiliano ya mwenye jina. Anatuma barua pepe yenye kiungo cha kubonyeza. Kama haijajibiwa ndani ya siku 15, na kama hakuthibitisha kwa njia nyingine, hulisimamisha jina. Barua hiyo huenda wapi? Kwa yule aliyejaza fomu. Kwa mgeni wa kujitolea, kwa mpwa wa Dar es Salaam, kwa mwinjilisti aliyebadilisha simu. Ukiibonyeza, jina hurudi. Sasa kama aliyeandikwa hapatikani, parokia itathibitisha kwa mdomo gani?

Ninawaomba wahasibu wanisikilize hapa, maana ninyi ndio mnaoulizwa na mkaguzi. Fedha ya jina ikitolewa kwa masurufu, vocha iambatane na ankara ya muuzaji yenye namba ya oda, jina lililosajiliwa, na jina la mmiliki aliyeandikwa. Risiti ya kadi peke yake haitoshi. Haionyeshi kilichonunuliwa. Kama aliyelipa ni mtu binafsi kwa niaba ya parokia, aandike barua ya mistari mitatu kwamba malipo ni ya parokia na marejesho yoyote ni ya parokia. Oda ikifutwa, masurufu yasifungwe mpaka fedha irudi. Na ikirudi pungufu kwa sababu ya bei ya dola, pungufu liandikwe kama lilivyo. Nimeona kamati ikitoa pungufu la shilingi elfu mbili mfukoni mwa mhasibu ili vitabu vilingane. Huo si uaminifu, ni woga, na mwaka unaofuata utamgharimu zaidi.

Kwa wafadhili nina neno moja, nalo nalisema kwa heshima. Msitununulie jina kwa jina lenu. Tunajua ni upendo, na kwenu ni dakika tano tu. Lakini kadi yenu ikiisha muda au mkibadili kamati ya urafiki, malipo ya mwaka unaofuata yanakwama. Kanuni ya ICANN ya mwaka 2013 inataka msajili atoe kumbusho kama mwezi mmoja kabla ya jina kuisha, jingine kama wiki moja kabla, na jingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha, lakini yote yataingia kwenye sanduku lenu huko Ulaya au Minnesota. Likishafutwa, majina mengi ya kimataifa yana siku 30 za kukombolewa, kwa ada iliyo kubwa mara kadhaa kuliko ya kawaida. Baada ya hapo ni mali ya atakayewahi. Tupeni fedha ya jina kama mnavyotupa fedha ya bati, nasi tulete risiti.

Je, tuchague .org au .or.tz? Makanisa makubwa yameijua .org kwa muda mrefu. KKKT wametumia elct.org, na wafadhili wanaikumbuka kwa urahisi. Hata hivyo nitawaambia ninachoamini: kwa parokia na vikundi vidogo, .or.tz ina faida moja inayozidi zote, nayo ni kwamba anayewajibika yuko karibu. Majina ya .tz yalipewa taasisi yake, tzNIC, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) pamoja na umoja wa watoa huduma za intaneti nchini, na usimamizi wake uko chini ya sheria zetu. Msajili wa Tanzania anapokea malipo ya shilingi, anatoa risiti inayotambuliwa hapa, na anabanwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Hii ya 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe, aonyeshe bei kamili na masharti, na ampe mnunuzi nafasi ya kuipitia oda na kusahihisha makosa kabla ya kuithibitisha. Inamtaka pia aitekeleze oda ndani ya siku 30, isipokuwa wamekubaliana vingine. Sheria hiyo haisemi kwamba kila anayebadili mawazo atarudishiwa. Na zile siku 5 nilizozitaja ni za majina ya kimataifa. Kwa .tz muulizeni msajili kabla ya kulipa, kwa maandishi, oda ikifutwa au ikikosewa nini kinafuata.

Mkidhulumiwa na msajili wa hapa nchini, anzeni na barua kwake, mtunze nakala. Asipojibu, TCRA ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapo Mbeya. Mtu wa Makete au Mufindi anaweza kupanda basi na faili lake mkononi. ICANN hamwezi kuifikia kwa basi, na hata mkiifikia kwa barua, haiamui kesi za kurudishiwa fedha. Inaangalia kama msajili amevunja mkataba wake nayo. Ilifanya hivyo mwaka 2007 kwa msajili wa Marekani aliyeitwa RegisterFly, ambaye wateja walilipa na majina yao hayakuhuishwa. Alinyang'anywa idhini na majina yaliyobaki yakahamishiwa GoDaddy. Walioteseka zaidi ni wale ambao hawakuweza kuonyesha kwamba jina ni lao.

Msidhani pia kwamba .org ni mwamba usiotikisika. Novemba 2019 shirika linaloiendesha lilitangazwa kuuzwa kwa kampuni ya uwekezaji, Ethos Capital, kwa dola bilioni 1.135. Mashirika ya hisani duniani kote yalipiga kelele yakihofia bei, na tarehe 30 Aprili 2020 ICANN ikakataa kuridhia. Huo nao ni ununuzi uliofutwa, ila wenyewe walikuwa na mawakili.

Jambo la mwisho ni muda wa kulipia. Majina ya kimataifa yanaweza kulipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo, na wapo wanaoona ni busara kufanya hivyo fedha ya mradi inapokuwapo. Mimi nashauri miaka miwili au mitatu. Majina ya huku yanabadilika kuliko tunavyodhani. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Chuo cha Tumaini pale Iringa kikawa Chuo Kikuu cha Iringa mwaka 2013. Parokia inagawanywa, kigango kinakuwa parokia. Ukibadili jina, miaka iliyobaki hairudishwi fedha.

Mwenyekiti, nimeleta fomu chache za mfano kwa ajili ya barua ile ya mistari mitatu, ziko mezani karibu na chai. Kabla hamjaondoka, kila kamati yenye tovuti iandike kwenye karatasi: jina limeandikwa kwa nani, limelipiwa kwa kadi ya nani, na linaisha tarehe gani. Wasioweza kujibu la kwanza wabaki nami kidogo baada ya chakula.